Ujira unapiga kelele, nani atautafsiria

Jumamosi usiku. Stima imepotea tangu saa moja huku Mishomoroni na joto ndo lile la kaskazi, ukifungua dirisha ni mbu tu wanaingia. Mtoto amelala sakafuni kwa mkeka. Mi nimekaa mlangoni na simu naandika, manake nikilala na haya maneno kifuani usingizi hautakuja.

Leo tumeshinda kwa Nyanya. Sio nyanya yangu wa damu, ni mama wa ushirika wetu wa kanisa, ana miaka 70 na kitu, na mtaa mzima unamwita hivo. Alikuwa karani wa korti, yule anayekaa chini ya hakimu akigeuza maneno, mtu wa kizimbani akisema kwa Kigiriama yeye anayatoa kwa Kiingereza, hakimu akisema kwa Kiingereza yeye anayarudisha kwa Kigiriama ama Kiswahili. Zaidi ya miaka 30 hiyo ndo kazi yake. Sasa macho yameanza kuingia ukungu lakini bado ana daftari, lile kubwa la mistari lenye jalada gumu, na hilo daftari ndo nataka kuliongelea, ila lazima nianze mbali kidogo.

Nlifanya kazi godauni ya chai huko Shimanzi miaka 7. Chai inayouzwa mnadani hapa Mombasa sio ya Kenya peke yake, inakuja ya Uganda, ya Rwanda, ya Burundi, mpaka ya Malawi, inashushwa kwa malori, inapangwa kwa magodauni, ikishauzwa inafunguliwa, inachanganywa, inapakiwa upya ndo iende melini. Hapo kwa kufungua na kupakia ndo tulikuwa sisi. Vumbi la majani linaingia puani, machoni, kwa nywele, ukifika nyumbani ukioga maji yanatoka rangi kabisa na mtoto wangu alikuwa anasema mama ananukia chai ya mkandaa. Niseme ukweli nlikuwa naipenda ile kazi. Kulikuwa na wimbo, kulikuwa na watu, saa nne tunanunua mahamri na mbaazi kwa mama wa getini tunakula kwa pamoja Wakristo na Waislamu, isipokuwa Ramadhani, hapo sisi tulikuwa tunajificha nyuma ya magunia kula kwa heshima ya wenzetu.

Tuliitwa vibarua. Kibarua wa miaka 7. Kila baada ya wiki 2 unasaini kitabu unapewa pesa na kikaratasi, na kwa kile kikaratasi NSSF imekatwa, kwanza ilikuwa zile shilingi 200 za zamani kwa mwezi, halafu kuanzia Februari 2023 ikawa asilimia 6, na mwajiri naye anatakiwa aweke zake kiasi hichohicho juu. Sisi tukajua basi, uzeeni kuna kitu.

Ijumaa moja tumefika geti saa moja kasorobo, askari akatoa karatasi akaanza kusoma majina, 23, akasema hawa warudi nyumbani, kazi hakuna. Supavaiza hakutoka. Tulikaa hapo juani mpaka saa sita, wenzetu Waislamu wakaenda swala ya Ijumaa wakarudi, bado hakuna mtu ametoka. Wiki iliyofuata ndo nikaangalia akaunti yangu ya NSSF, kwa miaka 7 kulikuwa kumeingia michango ya miezi 14. Kumi na nne. Zingine zote zilikatwa kwangu zikaenda nisikokujua. Nliangalia ile simu nikahisi kama mtu amenivua nguo sokoni.

Wiki hiyo sikuwa na Kiswahili cha kuombea. Nlikuwa napiga magoti nafungua mdomo na kinachotoka ni lugha, yale maneno ya Roho ambayo mwenyewe huyaelewi, lugha tu, mpaka alfajiri. Kuna watu wanadharau kunena kwa lugha na mi siwezi kuungana nao, Paulo kwa Warumi 8 anasema Roho mwenyewe anatuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa na mi hiyo aya naijua kwa mwili wangu, kuna dhuluma inamkuta mtu inampokonya mpaka maneno, na kama Mungu hangekuwa anasikia kuugua peke yake mi saa hii sijui ningekuwa wapi.

Lakini baada ya machozi ikaja hasira. Nikaanza kuomba karama, yaani kipawa cha Roho, na karama niliyotaka ni ile ya Paulo kule Pafo, alipomwambia Elima mchawi utakuwa kipofu na palepale giza likamwangukia. Nlifunga siku 3 naomba supavaiza aamke haoni. Ndivyo nlivyoomba, nimetubu, na siandiki kujificha. Nadhani wengi wanaodhulumiwa wanaomba hivo, tukisema tunataka nguvu za Roho mara nyingi tunataka fimbo.

Na kwa hiyo hali ndo nikaenda krusedi pale Tononoka. Mtumishi alikuwa amekuja kutoka mbali, jina lake namuachia Mungu, akanyosha kidole upande wetu akasema kuna mama hapa amefungiwa geti, na mi nikapiga yowe manake geti ndo lililonifungia kabisa. Akasema panda mbegu, yaani toa sadaka, geti lifunguke. Nlikuwa na 3,000 ya shule ya mtoto. Nikapanda. Mtoto akarudishwa nyumbani wiki mbili. Mpaka leo nikipita Tononoka tumbo linanikata, sio kwa sababu ya pesa, ni kwa vile nlikuwa nimeshaibiwa na watu wa dunia halafu nikaenda kwa Baba yangu kulia na hapo kwa mlango wa Baba nikaibiwa tena.

Sisi watu wa pwani tungefaa tuwe tumeshajifunza. Shakahola sio mbali, ni hapo Kilifi upande wa Malindi, 2023 walifukua miili zaidi ya 400 msituni, watu waliofunga mpaka kufa wakiamini wanaenda kumuona Yesu, na watoto wao. Kwenye Wakorintho wa kwanza 12 kuna karama 9 zimetajwa pamoja, na mojawapo ni kupambanua roho. Nimekesha makesha mengi maishani mwangu sijawahi kusikia mtu akiililia hiyo. Wanalilia unabii. Na mimi pia nlililia unabii, ndo nasema.

Basi Jumatano moja kwenye ushirika tukawa tunaisoma hiyo sura ya 12, tumezunguka sebuleni kwa Nyanya, kila mtu anasema karama anayoitamani. Mmoja kuponya, mmoja miujiza, vijana wote unabii. Ikamfikia Nyanya akasema, "Mimi ile ya mwisho." Tukaangalia mstari wa 10, ya mwisho kabisa ni tafsiri za lugha. Akatukumbusha sura ya 14, kwamba kama hakuna wa kufasiri, mwenye lugha anyamaze kanisani. Halafu akanigeukia mimi, "Na huko godauni kwenu mwanangu, nani alikuwa akiwafasiria?"

Nikadhani ananiuliza kuhusu Kiingereza cha supavaiza. Akasema soma Yakobo 5, wa 4.

Nimeusoma huo mstari tangu Sunday school lakini siku hiyo nliusoma kama barua. Yakobo anawaambia matajiri kwamba ujira wa wale waliovuna mashamba yao, ule walioushikilia kwa hila, unapiga kelele. Ujira wenyewe. Sio mvunaji peke yake analia, pesa aliyonyimwa nayo ina sauti, iko huko kwa kabati la mwenyewe inapiga kelele na Bwana wa majeshi anaisikia. Nyanya akasema haya sasa, hiyo kelele ni lugha, Mungu anaielewa lakini hakimu haielewi, na supavaiza haielewi ama anajifanya, anatakiwa mtu wa kuifasiri. Akaingia ndani akatoka na daftari.

Akaniuliza ulianza kazi tarehe ngapi. Sikumbuki. Akasema fikiria, mtoto alikuwa na umri gani, mvua ilikuwa inanyesha, uchaguzi ulikuwa umepita? Akavuta, akavuta, mpaka tukafika kwenye mwezi na wiki. Akaniambia leta vile vikaratasi. Nlikuwa navyo kwa mfuko wa nailoni chini ya kitanda, vingine vimeliwa na mende. Akavipanga kwa tarehe kwenye meza kama mtu anayecheza karata, anavilainisha na kiganja, na mi nikamwangalia yule mama mdomo wake unatembea, anaomba. Anaomba huku anapanga vikaratasi. Nikasikia mwili umesisimka kuliko siku yoyote ya krusedi, na hapo hakukuwa na spika wala kinanda, ni feni tu inalia kwa dari.

Vitu alivyonifasiria ni vitu ambavyo vimeandikwa kwa sheria ya ajira ya 2007 na sisi 23 hatukuwahi kuambiwa hata kimoja. Kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo siku zikajumlika mwezi mzima, sheria inamhesabu kama mwajiriwa wa mwezi, jina la kibarua limekwisha hapo hata kama kwa kitabu wanaendelea kuliandika. Kwamba kuandika mkataba ni kazi ya mwajiri, na mkifika kortini akashindwa kuuleta, ni yeye anabeba mzigo wa kuthibitisha anayoyabisha, sio wewe. Kwamba kama ni kazi imepungua basi mtu anapewa notisi ya mwezi, na malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliofanya. Kwamba una miaka 3 ya kupeleka kesi, ikipita mlango umefungwa. Nlisikia hiyo ya mwisho nikaanza kuhesabu kwa vidole. Ni wangapi wamekaa wakilia kwa lugha miaka 3 ikawapita, na makanisa yao yako jirani, na ndani ya hayo makanisa kuna loya ameketi, kuna karani, kuna mwalimu, na hao maloya na makarani hakuna aliyewaambia kwamba hicho walicho nacho ni karama.

Tukawatafuta wenzetu, mmoja mmoja. Wengine walikuwa wamerudi Ganze, wengine Kwale. Dada yangu mmoja wa godauni, Muislamu wa Majengo, ndo alisaidia zaidi manake anamjua kila mtu. Alipokuja kwa Nyanya mara ya kwanza akaona misalaba ukutani akasita kidogo, Nyanya akamwambia karibu mwanangu, kaa, na wewe ulianza lini kazi. Nikamsomea ile ya Yakobo, akasema kwetu Mtume alisema mpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Nyanya akaniambia niiandike ukurasa wa kwanza wa daftari, zote mbili, na ziko hapo mpaka leo. Paulo anasema kila mmoja anapewa ufunuo wa Roho kwa kufaidiana. Kati ya wale 23, 14 ni Waislamu, na hakuna siku Nyanya aliwauliza kama wataokoka ndo awaandikie.

Sasa kanisani. Hapa naandika kwa uangalifu manake nawapenda. Mmoja wa wakubwa wa ile godauni ni muumini, anajulikana, alitoa viti vya plastiki vyeupe 100 kwa kanisa letu, tunavikalia kila Jumapili. Iliposikika tunaenda kortini pasta akaniita, kwa upole kabisa, akanifungulia Wakorintho wa kwanza 6, ndugu asimshtaki ndugu mbele ya wasioamini. Nikarudi kwa Nyanya nalia. Akasema hiyo sura ni nzuri sana, Pasta aisome mpaka mwisho, manake Paulo hajasema dhuluma iachwe, ameuliza, hivi kwenu hakuna hata mmoja mwenye hekima awezaye kukata maneno ya ndugu zake? Basi tukatekeleze. Tukamwandikia yule ndugu barua ya heshima, njoo tuketi, wazee wa kanisa wawepo. Mara ya kwanza hakuja. Mara ya pili akatuma salamu. Mara ya tatu tulipanga viti nyuma ya kanisa, vilevile vyeupe, tukakaa tangu saa tisa mpaka magharibi na kiti chake kiko wazi, na Pasta akiwepo. Hakusema kitu Pasta. Ila Jumapili iliyofuata alihubiri Matendo 6, na mi nikajua usiku wa juzi hakulala.

Hiyo Matendo 6 nataka muisome pole pole. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa kwenye huduma ya kila siku, yaani kugawiwa riziki, wajane wa upande mwingine wanapata. Ni dhuluma, na ilikuwa ndani ya kanisa la kwanza kabisa, mitume wenyewe wakiwepo. Na ni dhuluma ya lugha pia, wale wanaoongea Kiyunani ndo wanarukwa. Mitume wakasema chagueni watu 7 wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Kujaa Roho, kwa ajili ya nini? Kugawa chakula sawasawa. Na majina ya wale 7 yote ni ya Kiyunani, yaani wakachukua hao hao waliokuwa wakilalamika, wanaoijua lugha ya wale wajane, wakawakabidhi kazi. Stefano yumo. Ametajwa kwanza kwa ajili ya meza za wajane, na miujiza yake inaandikwa baadaye.

Kila nikienda tauni matatu inapita Kengeleni na kondakta anaita Kengeleni Kengeleni na nusu ya watu hawajui ni kengele ya nani. Ni ya Frere Town, kijiji ambacho wamishonari wa CMS, wale Waanglikana wa Uingereza, walikianzisha 1875 kwa watu waliookolewa kwa mashua za watumwa. Kuna mmoja wa watu wale namfikiria sana siku hizi, William Jones. Myao, aliuzwa akiwa mtoto, akaokolewa baharini akapelekwa India, akasoma Nashik, akarudi huku akawa mchungaji Rabai. Watoro waliokuwa wakikimbia mashamba ya mabwana wao walikuwa wanaishi hapo misheni. Mabwana wakaja kuwadai, ikawa karibu damu imwagike, na mwisho wake Januari 1, 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru Rabai. Lakini waliolipwa ni mabwana. Kampuni ya Waingereza iliwalipa wenye watumwa fidia, waliofanywa watumwa wakapata karatasi. Na pale Frere Town kwenyewe, kwa hao waliokombolewa, kuna miaka viboko vilichapwa mpaka ikawa kashfa. Siandiki haya kuwavunja moyo. Nikipita pale naona imani yetu huku pwani tangu mwanzo imekuwa kwenye hii kazi ya karatasi na majina na nani anadai nani, ilifanywa vizuri na ilifanywa vibaya, na mtu aliyewahi kuuzwa ndo alikuwa anasimama katikati anafasiri.

Kesi iko Mahakama ya Kazi. Imeshatajwa mara 2, upande wa pili wanaomba muda. Loya tumepata kijana mmoja wa kanisa jirani amekubali tulipe kidogo kidogo. Sijui itaisha vipi. Kuna usiku ile hasira ya Elima inarudi, inakaa kitandani pembeni yangu, na hapo narudi kwa lugha, nanena mpaka inaondoka.

Leo tulikuwa tunamalizia karatasi za kiapo. Mmoja wetu, mzee aliyekuwa akibeba magunia, alifariki mwezi wa tisa, kifua. Nikafikiri tutakuwa 22. Nyanya akasema sitoi jina, ujira wake haujafa. Akamwita mjane wake, akatoka Ganze kwa basi la alfajiri, mama mkimya, miguu imejaa vumbi. Anapaswa kuingia kwenye kesi kwa niaba ya marehemu. Karatasi imeandikwa Kiingereza kurasa 3. Nyanya akavaa miwani, akaishika mbali, akaishika karibu, akasema leo sioni, akanipa mimi.

Kigiriama changu ni cha jikoni kwa mama yangu, sijawahi kukitumia kwa mambo ya korti. Mstari wa kwanza nikakwama, Nyanya akanidokeza neno moja, nikaendelea. Nikafika pale pameandikwa marehemu alifanya kazi miaka 11 na hakulipwa haki zake, yule mama akaninyoshea mkono nisimame. Akasema rudia hapo. Nikarudia. Akasema tena. Nikarudia mara ya tatu, na yeye akawa anayafuata maneno kwa sauti ya chini, moja moja, kisha akapaka wino kidole gumba akauliza aweke wapi.